Detroit ilivyowapoteza warushaji wawili: mmoja ilimtoa, mwingine akajiendea

Wakongomani wengi wanamkumbuka Dikembe Mutombo kwa kile kidole chake alichokitikisa kila alipozuia mpira wa mpinzani. Wachache wanakumbuka namna alivyokuwa akihama. Mwaka wa 1996 mkataba wake na timu ya Denver uliisha, akawa mtu huru, akachagua mwenyewe kwenda Atlanta. Mwezi wa pili wa 2001 mambo yalikuwa tofauti. Wakubwa wa Atlanta walipatana na wakubwa wa Philadelphia, wakabadilishana wachezaji, na Mutombo akafunga mizigo. Miezi michache baadaye alikuwa anacheza fainali ya NBA, kwa hiyo safari ile haikumtupa. Lakini idhini yake haikuhitajika. Mara ya kwanza timu ilimlipa yeye ili aje. Mara ya pili timu mbili zililipana, na yeye alikuwa sehemu ya malipo.

Njia hizi mbili zina historia ndefu kule Marekani, na mchezo uliozibishania zaidi si ule wa Mutombo. Ni besiboli, mchezo ambao familia za Kongo zilizopokelewa Clarkston, mji mdogo kando ya Atlanta, zinaukuta kwenye televisheni karibu kila siku tangu mwezi wa nne hadi wa kumi. Mwenye ndugu huko amekwisha kusikia watoto wakiutaja.

Kwa aliyezoea mpira wa miguu, kuna jambo moja la kuelewa kwanza. Mazembe ikitaka mchezaji wa timu nyingine, inalipa pesa, na hiyo ndiyo transferi. Kwenye besiboli pesa peke yake hutumika mara chache. Timu inayotoa mchezaji inataka mtu kwa mtu: wewe unipe vijana wako wawili, mimi nikupe mkubwa wangu mmoja. Njia ya pili ni kungoja mkataba wa mchezaji uishe, kisha kumwita kwa mshahara mnono. Yeye hukubali au hukataa.

Anayetafutwa kuliko wote ni mrushaji wa kuanza. Huyo ndiye anayesimama katikati ya uwanja na kurusha mpira mdogo mgumu kwa mpigaji mwenye gongo, kutoka umbali wa mita 18 na kidogo, wakati mwingine kwa mwendo unaopita kilomita 150 kwa saa. Kazi hiyo inachosha mkono hivi kwamba mtu akirusha leo, anapumzika siku nne. Timu inacheza michezo 162 kwa mwaka, kwa hiyo inahitaji warushaji wa kuanza watano. Lakini ikifika kwenye michezo ya mwisho, wawili au watatu wazuri wanatosha kuchukua kombe. Ndiyo maana timu inayokaribia kileleni iko tayari kutoa karibu chochote ili kumpata mmoja zaidi.

Kwa karibu miaka mia moja wenye timu hawakuwa na njia mbili za kupima. Walikuwa na moja tu. Tangu 1879 walipatana kwamba mchezaji akishasaini na timu, timu hiyo inabaki na haki juu yake hata mkataba ukiisha. Mwaka ukimalizika, inamwandikia mwingine. Akikataa, hachezi popote. Mwaka wa 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba sheria ya kuzuia wafanyabiashara kula njama haiugusi mchezo huu, na wenye timu wakalala usingizi mzuri. Mchezaji aliweza kuuzwa, kubadilishwa au kubaki pale pale hadi uzee, na katika hayo yote yeye alikuwa wa mwisho kujua.

Tena walibadilishana vibaya mara nyingi. Mwezi wa sita wa 1964 timu ya Chicago, Cubs, ilimtaka mrushaji Ernie Broglio wa St. Louis, aliyeshinda michezo 18 mwaka uliotangulia. Ilitoa kijana aitwaye Lou Brock. Broglio alishinda michezo 7 tu kwa Chicago, kisha basi. Brock aliiba vituo 938 na kuisaidia St. Louis kuchukua kombe mwaka huo huo. Mwezi wa kumi na mbili wa 1965 Cincinnati nayo ilimtoa Frank Robinson, mpigaji wa miaka 30, ikisema amezeeka, ili kumpata mrushaji Milt Pappas wa Baltimore. Mwaka uliofuata huyo mzee aliongoza ligi yake kwa kila kipimo kikubwa cha upigaji, na Baltimore ikachukua kombe bila kupoteza mchezo hata mmoja wa fainali. Mashabiki wa Chicago na Cincinnati bado wanayasema haya kama mtu anayesimulia kiwanja alichouza kabla barabara haijapita.

Aliyevunja desturi hiyo hakuwa mrushaji. Curt Flood alicheza St. Louis miaka 12, pamoja na Brock, akachukua kombe mara mbili, 1964 na 1967. Mwezi wa kumi wa 1969 alipigiwa simu na kuambiwa kwamba amebadilishwa kwenda Philadelphia. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili alimwandikia barua Bowie Kuhn, mkubwa wa mchezo wote, akisema kwamba baada ya miaka 12 hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anataka nini, na kwamba angependa kusikiliza timu nyingine kabla ya kuamua. Kuhn alikataa. Flood alikwenda mahakamani.

Alikuwa anapata dola 90,000 kwa mwaka, na wengi walimcheka: mtu wa mshahara huo analalamika nini? Yeye, mtu mweusi, aliyajibu maneno hayo kwenye televisheni kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Hakuna wa kulinganisha shida ya mchezaji wa namna hiyo na ya mama anayelala chini ya bashi kambini. Hata hivyo, neno alilolisema lilikuwa la mtu yeyote aliyewahi kuelekezwa pa kwenda na watu ambao hawakumuuliza, na ndiyo sababu limedumu kuliko alama za michezo yake.

Kesi ilimmaliza. Hakucheza mwaka wa 1970. Wachezaji waliostaafu, kama Jackie Robinson, walikuja kutoa ushuhuda. Wale waliokuwa bado wanacheza waliogopa, hakuja hata mmoja. Avoka wake, Arthur Goldberg, alikuwa amewahi kukaa kwenye Mahakama Kuu hiyo hiyo, lakini haikusaidia. Tarehe 19 mwezi wa sita 1972 majaji 5 kwa 3 walimkatalia. Kufikia hapo Flood alikuwa amekwisha kuacha mchezo. Mwaka uliofuata sendika ya wachezaji, chini ya Marvin Miller, ilipata kipande kidogo cha kile alichokitaka: mchezaji mwenye miaka 10 kazini, 5 ya mwisho katika timu moja, hawezi kubadilishwa asipokubali. Flood mwenyewe angekuwa na sifa hizo.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na warushaji. Jim Hunter, aliyeitwa Catfish, yaani kambale, alikuwa nguzo ya Oakland iliyochukua kombe mara tatu mfululizo, 1972 hadi 1974. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa dola 100,000, nusu yake ikitakiwa kuwekwa kwenye bima kwa ajili ya baadaye. Mwenye timu, Charlie Finley, hakuiweka. Mwamuzi wa mabishano, Peter Seitz, alisema mkataba umevunjwa na Hunter ni huru. Wakubwa wa timu moja baada ya nyingine wakamiminika hadi Ahoskie, mji mdogo wa North Carolina, kumbembeleza mtu ambaye mwezi mmoja kabla hakuwa na haki ya kuwapigia simu. Siku ya mwisho ya 1974 alisaini na Yankees ya New York kwa miaka 5 na zaidi ya dola milioni 3. Hapo kila mchezaji wa Marekani aliona kwa macho yake bei halisi ya kazi yake.

Mwaka uliofuata, Andy Messersmith wa Los Angeles aliomba jambo moja lililofanana na la Flood: mkataba wake uandikwe kwamba hatabadilishwa bila ruhusa yake. Timu ilikataa. Akacheza 1975 yote bila kusaini, na mwingine, Dave McNally, akaungana naye katika malalamiko. Tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili Seitz alitoa uamuzi kwamba mwaka mmoja bila mkataba unatosha, watu hawa ni huru. Wenye timu walimfukuza kazi mara moja, lakini uamuzi ulibaki. Katikati ya 1976 walipatana na sendika: mchezaji akimaliza miaka 6 katika ligi kuu na mkataba wake ukaisha, anaweza kwenda anakotaka.

Messersmith alikwenda Atlanta. Mwenye timu, Ted Turner, alikuwa na kituo cha televisheni kwenye chaneli ya 17, basi akampa namba 17 na juu yake, mahali pa jina, akaandika neno chaneli. Viongozi wa ligi waliamuru litolewe. Mkono ulimuuma, na mwisho wa 1977 mtu aliyepigania asipelekwe bila ruhusa yake aliuzwa Yankees.

Kuanzia hapo wenye timu walilazimika kupima, na hesabu si rahisi kama mashabiki wanavyodhani. Mrushaji aliye huru hugharimu pesa tu; vijana wako unabaki nao. Lakini amekwisha kutumika miaka 6 au zaidi kabla hajafika kwako. Ni kama tairi lililokwisha kupanda na kushuka njia ya Bukavu hadi Uvira: linaweza kuwa zima, ila unalipa bei ya jipya. Hunter alishinda michezo 23 katika mwaka wake wa kwanza New York na kumaliza michezo 30 mwenyewe bila kusaidiwa. Hakuwa tena na mwaka kama huo, na 1979 aliacha mchezo akiwa na miaka 33. Tena walio huru hupatikana hasa wakati wa baridi, michezo ikiwa imesimama. Timu iliyokuwa mbioni mwezi wa nane haikuweza kungoja. Njia iliyobaki ilikuwa kubadilishana.

Hapo ndipo ilipokuwa Detroit mwaka wa 1987.

Mrushaji wake mkubwa, Jack Morris, aliyeshinda naye kombe la 1984, alikuwa ametaka kuondoka miezi michache kabla. Mkataba wake ulipoisha mwisho wa 1986, alijitangaza kwa timu kadhaa, ya kwanza ikiwa Minnesota, kwa sababu alizaliwa St. Paul, mji wa huko. Hakuna aliyemtaka. Mrushaji aliyeshinda michezo 21 mwaka huo, na hakuna! Sababu ilijulikana baadaye: wenye timu walikuwa wamepatana kwa siri kwamba hakuna atakayemchukua mchezaji huru wa mwenzake. Walishtakiwa, wakaonekana na makosa, na mwaka wa 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280. Lakini 1987 hayo yalikuwa bado, na Morris akarudi Detroit bila kupenda. Soko la watu huru lilikuwa limefungwa kwa mlango wa nyuma.

Mwezi wa nane Detroit ilikuwa inaifukuza Toronto, na ilikuwa na upungufu wa mrushaji. Ilimwona Doyle Alexander wa Atlanta, mwenye miaka 36, aliyekuwa ameshinda 5 na kupoteza 10 katika timu dhaifu. Atlanta iliomba kijana mmoja wa madaraja ya chini: John Smoltz, miaka 20, mzaliwa wa Warren, karibu na Detroit yenyewe. Katika ligi ndogo mwaka huo Smoltz alikuwa ameshinda 4 na kupoteza 10. Tarehe 12 walikubaliana.

Alexander alicheza kama mtu aliyefufuka. Alishinda michezo 9, hakupoteza hata mmoja. Siku tatu za mwisho Toronto ilikuja Detroit ikiwa inaongoza. Alexander alishinda ule wa kwanza, na Detroit ikaishinda yote mitatu. Mwisho: Detroit 98, Toronto 96. Bila zile 9, hakuna hesabu inayoifikisha Detroit pale. Kisha ikafungwa na Minnesota michezo 4 kwa 1, Alexander akipoteza miwili. Mwaka wa 1989 alipoteza michezo 18 na kuacha kucheza, na Detroit nzima ikapoteza 103.

Wanaoandika historia ya mchezo huu hupenda kuyacheka mabadilishano hayo. Kicheko hicho si cha haki. Mwaka wa 1987 hakuna aliyekuwa na uhakika na kijana wa 4 kwa 10, na Detroit ilinunua kitu ambacho ilikipata kweli: miezi miwili ya ushindi. Shida ni kwamba timu inayobadilishana hailipi leo. Deni linakuja wakati walioamua wamekwisha kuondoka, na wanaolilipa ni mashabiki ambao mwaka huo walikuwa watoto.

Deni la Detroit lilionekana mbele ya nchi nzima tarehe 27 mwezi wa kumi 1991. Ilikuwa mchezo wa saba wa fainali kuu, Atlanta kwa Minnesota, kila mmoja akiwa ameshinda mitatu. Upande wa Atlanta alirusha Smoltz. Upande wa Minnesota alirusha Jack Morris, ambaye baada ya kesi ya njama kumalizika alikuwa amesaini, mwanzo wa mwaka huo, na timu ile ile ya nyumbani iliyomkataa. Wote wawili walitoka mikononi mwa Detroit: mmoja ilimtoa, mwingine alijiendea. Na Detroit ilikuwa inatazama.

Smoltz, mwenye miaka 24, alirusha hadi zamu ya nane bila kuruhusu pointi, akatolewa. Morris, mwenye 36, umri ule ule wa Alexander siku alipobadilishwa, alimaliza zamu 9 bila pointi. Kocha wake, Tom Kelly, alitaka kumpumzisha. Morris alikataa kuuacha mpira. Alirudi kwa zamu ya 10, akafikisha mirusho 126, na chini ya zamu hiyo Minnesota ikapata pointi moja. Moja kwa sifuri, kombe likabaki Minnesota. Wazee wa mchezo bado wanabishana kama kuna mrushaji aliyewahi kufanya zaidi usiku mmoja.

Mkataba wake ulimruhusu kuondoka baada ya mwaka mmoja, na aliondoka. Alikwenda Toronto, akashinda michezo 21, na Toronto ikaifunga Atlanta katika fainali ya 1992. Hiyo nayo ni hasara ya njia ya pili: aliyekuja kwa hiari huondoka kwa hiari. Minnesota iliyeyuka mikono mitupu.

Atlanta ilijifunza kuzitumia njia zote. Tom Glavine ilimkuza yenyewe tangu ujana. Smoltz ilimpata kwa kubadilishana. Mwezi wa kumi na mbili wa 1992 ilimwita Greg Maddux, aliyemaliza mkataba Chicago, kwa dola milioni 28 na miaka 5. Yankees ilimwekea pesa zaidi mezani, alichagua Atlanta. Mwaka wa 1995 timu hiyo ilichukua kombe, na warushaji hao watatu wote leo wako kwenye jumba la mashujaa huko Cooperstown.

Si kila aliyelipa vizuri alipata Maddux. Mwisho wa 2000 Denver, ule mji wa kwanza wa Mutombo, ilimpa mrushaji Mike Hampton dola milioni 121 kwa miaka 8. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Bukavu, na hewa nyepesi ya urefu huo hufanya mpira uliopigwa uende mbali na uliorushwa usipinde vizuri. Hampton aliharibikiwa miaka miwili, kisha Denver ikamtoa huku ikiendelea kulipa sehemu ya mshahara wake. Pesa zilikuwepo, mtu alikubali, na mlima ukakataa.

Smoltz alikaa Atlanta miaka mingi kuliko Flood alivyokaa St. Louis. Alishinda michezo 213 na kuokoa 154, jambo ambalo hakuna mrushaji mwingine aliyelifikia kwa pamoja. Mwanzo wa 2009, akiwa na miaka 41 na bega lililopasuliwa, alisaini na Boston. Mambo hayakwenda, na mwezi wa nane Boston ikamwachia. Sasa alikuwa huru kabisa na hakuna timu iliyomdai. Alichagua St. Louis, mji ule ambao Curt Flood hakutaka kuondolewa. Katika mchezo wake wa kwanza huko, tarehe 23 mwezi huo, aliwatoa wapigaji 7 mfululizo bila mmoja kuugusa mpira kwa faida yoyote. Alimaliza mwaka huo pale, na hakucheza tena.